Magadi ya Sadoki

Watu wa Itumba wakiniona sokoni wanacheka. "Mama Aida, leo umewadanganya maprofesa wangapi?" Nacheka nao, nifanyeje? Lakini mimi sikumdanganya mtu. Niliambiwa nisiingize chakula mgodini, na chakula sikuingiza. Niliambiwa nifagie, nikafagia. Kama watu wenye digrii tatu tatu walishindwa kumwuliza mfagiaji ana nini kwenye ndoo yake, hilo kosa ni langu au ni lao?

Naitwa Tabita. Kwa miaka minne, kuanzia 2009, nilikuwa mfagiaji wa handaki la zamani la makaa ya mawe la Kasumbe, kwenye milima yetu ya Ileje, njia ya kwenda Isongole. Humo ndani, mita mia nne kutoka getini, waliweka mashine ya kutafuta kitu kisichoonekana. Sitanii. Profesa Henriki, Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu, alikuja kwenye mkutano wa kijiji akatueleza kwamba vitu vyote tunavyoviona, milima, ng'ombe, nyota, sisi wenyewe, ni sehemu ndogo tu ya vilivyopo. Sehemu kubwa haionekani wala haishikiki. Inatupita mwilini mchana kutwa, inapita na kwenye mawe, kama vile hatupo. Wao wanaiita maada ya giza. Ukitaka kuinasa ushuke chini ya mlima, ili mlima ukuzuilie fujo zote zinazotoka angani, halafu ukae kimya usubiri.

Watu wakaguna. Mzee Enoka, balozi wetu, akauliza swali moja tu: "Na mkishaipata, mtaiuza wapi?" Profesa akajibu haiuzwi. Basi hapo ndipo kijiji kizima kikajua kwamba ni rubi. Haikupita wiki mbili, vijana wa Tunduma walishafika na vimizani mfukoni, wakapiga kambi kwenye kibanda cha chai wakisubiri mtu ateremke na jiwe.

Mimi sikuguna. Kitu kipo, hakionekani, na kiko chini ya mlima wa Kasumbe? Mbona mimi hilo nalijua tangu mwaka 1993.

Mume wangu Sadoki yumo humo. Tarehe kumi na moja Juni mwaka huo dari ya mgodi iliwaangukia yeye na wenzake wawili, Osea na Edson. Walichimba siku tatu kuwafikia. Siku ya nne ukatoka moshi, makaa yameshika moto huko ndani. Injinia wa kampuni akasema hakuna namna, moto uzibwe. Wakajenga ukuta wa zege, mchungaji akauombea ukuta, tukarudi nyumbani. Jeneza hakuna, kaburi hakuna. Mtu akiniuliza nimemzika wapi mume wangu, namwonyesha mlima.

Na asubuhi ile tuligombana. Niseme wazi, maana yote yametokea hapo. Maharage yalikuwa magumu. Magadi yalikuwa yameniishia na nilikuwa nimeona uvivu kuchoma mengine. Nyumbani kwangu nachoma maganda ya ndizi yaliyokauka, majivu yake nayachuja kwa maji, nikitia kidogo tu kwenye maharage yanalainika mpaka kibogoyo anashiba. Sadoki akala vijiko viwili, akasukuma sahani. "Mke gani hana magadi?" Nikamjibu, "Nenda kaoe mwenye magadi." Akachukua kofia yake akaondoka na njaa. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake. Miaka ishirini nimelitafuna, na halilainiki.

Ndiyo maana nikaanza kumpelekea. Nilikuwa nachoma maganda, najaza kopo, naenda kulimwaga chini ya ule ukuta. Usiniulize ni mila ya kabila gani, ni ya kwangu mwenyewe. Mwanzoni walinzi walinionea huruma wakanipitisha. Kisha ikaja enzi ya kubinafsisha. Mgodi akauziwa tajiri mmoja aliyesema ataufufua. Alichofufua ni biashara ya chuma chakavu. Reli, matoroli, pampu, vyote vilipanda lori kwenda Tunduma, na alipokwisha kumaliza akachomelea geti. Miaka kumi na miwili nikawa namwaga majivu nje ya geti, mvua inakuja inayasomba mpaka mtoni. Nikawa najiuliza, huyu mtu aliye mita mia nne ndani anapata nini? Hata hapo zamani, pale ukutani kwenyewe, nilikuwa najiuliza. Zege ni zege. Sikuwa najua kama yanamfikia.

Haya. Wasomi wakalifungua geti. Walipotangaza nafasi ya mfagiaji, nilifika ofisini kwao kuku wangu bado wako bandani. Aliyenihoji ni Dokta Conjesta, binti wa Bukoba, mwembamba, rika moja na Aida wangu anayeuza mitumba Tunduma. Yeye ndiye aliyekuwa anakaa na mashine mwaka mzima. Profesa alikuwa anakuja Desemba kukagua, anaondoka mwaka mpya. Conjesta akaniuliza kwa nini nataka kazi ya gizani. Nikamwambia napenda usafi. Si uongo, napenda.

Akanisomea masharti. Viatu vya nje havivuki mstari mwekundu. Hakuna kula. "Na ndizi, mama, ndizi hasa haziingii humu." Hapo akacheka mwenyewe. "Zina potasi, na potasi inatoa mionzi kidogo. Haimdhuru mtu, ila mashine inaisikia. Mimi nimezaliwa migombani, nimelelewa kwa ndizi, halafu ndizi nazuiwa nazo mlangoni!" Tukacheka wote wawili. Nikaweka moyoni: ndizi hapana. Majivu hakuyataja. Majivu si chakula, na wala si uchafu. Kama ni uchafu, sufuria unaisugulia nini?

Mashine yenyewe ilikuwa sanduku lililozungushiwa matofali ya madini ya risasi, na walikuwa wameiweka mwisho kabisa wa handaki, mahali palipotulia kuliko pote. Yaani hatua tatu kutoka kwenye ukuta wa Sadoki. Siku ya kwanza nilipofika pale na fagio langu nilishika ule ukuta, nikalia. Conjesta akaniuliza nina nini. Nikasema vumbi. Akaandika kwenye daftari lake kwamba kuna vumbi.

Basi nikajipangia utaratibu. Kila Jumapili baada ya ibada, Conjesta akiwa Misa kwa Wakatoliki wenzake, naingia na ndoo, na ndani ya ndoo kopo moja la majivu. Nayaweka chini ya ukuta, kwenye kona yangu, nyuma ya mifagio na matambara. Kona ya mfagiaji nani anaiangalia? Naanza Januari, Profesa akishapanda gari lake tu. Wiki kwa wiki yanaongezeka, mpaka tarehe kumi na moja Juni, siku ya Sadoki. Ikishapita, nageuza kazi: kila Jumapili natoa kopo moja, kidogo kidogo ili mlinzi asishangae uzito wa ndoo. Desemba Profesa akifika anakuta kona inang'aa. Alinisifu. "Mama Tabita, safi sana." Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo.

Desemba ya mwaka 2012, Profesa alikaa na Conjesta kwenye kompyuta siku mbili bila kutoka. Siku ya tatu wakatoka. Mzungu mzima analia, machozi mpaka kwenye ndevu! Nikadhani amefiwa. Conjesta akanikumbatia, akanirusha huku na huko. "Mama, tumeipata! Nadhani tumeipata!" Wakaagiza kuku watatu, na mzee Enoka, kwa kuwa pua yake haikosei, akatokea kabla manyoya hayajaisha kunyonyolewa.

Tukala. Kisha Conjesta akanionyesha karatasi yenye mstari. Mstari unapanda, unashuka, unapanda, unashuka, vilima vitatu vizuri vya duara.

"Hii ndiyo alama yenyewe, mama. Dunia yetu inazunguka jua, na jua nalo linakimbia katikati ya hiyo maada ya giza. Ukiendesha baiskeli kwa kasi, upepo unakupiga usoni zaidi, si ndiyo? Juni tunakwenda mbio pamoja na jua, inatupiga kwa wingi. Desemba tunarudi kinyume, inapungua. Kwa hiyo kitu cha kweli lazima kipande Juni na kishuke Desemba. Tumepima mawe, tumepima hewa, maji, betri, mpaka nyuzi za viatu vyetu. Hakuna kingine kinachofanya hivi. Kila kilichoandikwa kwenye orodha tumekipima."

Nikaitazama ile karatasi. Mwanamke anautambua mshono wake hata ukiwa mgongoni kwa mtu mwingine. Kilele cha kila kilima kilikuwa wiki ya pili ya Juni. Kila bonde lilikuwa siku za Profesa. Paja la kuku likanikwama kooni.

"Na mimi mlinipima?" nikauliza.

Conjesta akacheka sana. "Wewe, mama? Wewe haumo kwenye orodha."

Sikusema. Niseme nini? Nikisema, geti linafungwa, na mimi narudi kumwaga majivu mvuani. Nilimkosa Sadoki miaka kumi na miwili, sasa niko naye hatua tatu, halafu nimfungie mwenyewe kwa mdomo wangu? Kwani mbingu zimepungukiwa nini nikinyamaza? Nikajiambia, hawa ni watu wa mbali, wakishangilia kitu kisichokuwepo itamdhuru nani? Walikuwa wanatafuta kisichoonekana, sasa wamekipata na bado hakionekani. Wote tumeridhika.

Mwezi wa pili Conjesta alikuja kwangu kula maharage, kama alivyozoea. Alikuwa anayapenda hayo maharage mpaka anakwangua sufuria. Akaniambia kwamba Julai ataitwa Ulaya kusimama mbele ya wanasayansi wa dunia nzima kutangaza, na jina lake litaandikwa la kwanza, juu ya la Profesa. Nikampongeza.

"Naogopa, mama. Hao watatafuta kosa kama kuku anavyotafuta chawa. Profesa akikosea atasemwa mwaka mmoja, kisha atapewa mashine nyingine. Mimi nikikosea nimekwisha. Wa kwetu akianguka mara moja, haitwi tena."

Alisema hivyo huku anakula magadi yangu. Nikamwongezea maharage ili nisimtazame usoni.

Nikaamua kufanya ujanja. Sitasema, ila nitayaondoa. Mstari utashuka wenyewe, wataona ilikuwa ndoto, watanyamaza, na mimi nitabaki na kazi yangu na ukuta wangu. Jumapili mbili tu, ndoo juu ya ndoo, nikayahamishia yote kwenye gunia jikoni kwangu. Nilijiona nina akili kama hakimu.

Jamani, kumbe nimemwagia moto mafuta ya taa. Mstari uliotakiwa kupanda ukaporomoka. Profesa akapiga simu kutoka kwao, nikasikia anabweka mpaka nje ya ofisi. Hakusema ilikuwa ndoto. Alisema Conjesta ameharibu mashine. Amegusa nini, amefungua nini, ametoka mara ngapi kwenda kanisani? Binti akawa analala palepale ofisini, anafungua nyaya anazifunga, hali. Nikampelekea maharage, akayaacha. Maharage yangu! Akasukuma sahani vilevile, kwa mkono uleule wa kuchoka, na nikamwona Sadoki anachukua kofia yake.

Hapo nikasema Tabita, utawaua wangapi kwa magadi? Nikaenda nyumbani mbio, nikajaza kopo, nikarudi nalo. Sikuvua hata viatu vya nje, nikavuka mstari wao mwekundu na matope yangu, nikaliweka lile kopo juu ya matofali ya risasi.

"Tazama mstari wako," nikamwambia.

Alitaka kunifokea. Kisha akatazama kompyuta. Akalitoa kopo, akatazama. Akalirudisha, akatazama. Akachovya kidole kwenye majivu, akaweka ulimini, na mtoto wa migombani hahitaji kuambiwa.

"Maganda ya ndizi," akasema.

"Ndiyo."

"Kuanzia lini?"

"Tangu 2010. Januari mpaka Juni naleta. Juni mpaka Desemba natoa."

Akakaa chini, palepale sakafuni. Nilingoja anitukane. Akaanza kucheka, kicheko kibaya, kikageuka kilio, nikakaa naye chini nikamshika. "Kwa nini, mama? Kwa nini usiniambie?" Ndipo nikamweleza yote. Ukuta, moto, Sadoki, maharage magumu. Neno nililomwambia. Kwa miaka ishirini sikuwahi kumwambia mtu lile neno, hata Aida hajui. Conjesta alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka akautazama ukuta kana kwamba umejengwa dakika ile.

Profesa alifika baada ya siku tano, amepauka. Nilikuwa nimejiandaa kupigana. Nikamwambia mapema, "Ulisema chakula. Majivu si chakula." Akaomba kopo. Akalinusa, akaliweka kwenye mashine yeye mwenyewe, akatazama mstari ukipanda. Akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Basi mashine ni nzima. Miaka minne, mashine inafanya kazi vizuri sana." Na akamwomba Conjesta radhi, mbele yangu, mara mbili. Hapo nilimpenda kidogo.

Safari ya Julai ikavunjwa kabla mtu hajasikia lolote. Conjesta akabaki na jina lake safi. Ila mradi ukafa. Walisema handaki lenyewe halina ubaya, lakini nani atalipia tena mahali ambapo miaka minne imepotelea kwenye ndoo ya mfagiaji? Wakaanza kufunga vitu. Serikali ikataka geti lichomelewe kama zamani, watoto wasije wakaingia. Fundi wa kuchomelea kutoka Isongole akaambiwa aje tarehe kumi na mbili Juni.

Nilijua itakuwa hivyo, nilijua tangu paja la kuku. Lakini kujua ni kitu kimoja. Siku ile waliponiambia, nilikwenda kona yangu nikalia kwa sauti, sikusingizia vumbi.

Conjesta akanifuata. Akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nikamwuliza swali ambalo nilitakiwa kumwuliza siku ya kwanza. Nilikuwa nakaa na daktari wa mionzi miaka minne, namfagilia miguuni, na sikuwahi kumwuliza.

"Mwanangu, ile mionzi ya majivu. Inapita ukuta?"

Nikamwambia asinifariji, nataka hesabu. Akatoa ile karatasi ya vilima vitatu mfukoni, akaigeuza, akaandika nyuma. Ukuta una sentimita sitini za zege, hilo lilikuwa kwenye michoro yao. Akaandika, akakata, akaandika tena.

"Zege inazuia karibu yote," akasema. "Katika kila elfu, inapita labda moja."

"Moja inapita?"

"Inapita. Lakini mama, kopo moja linatoa mamia kwa kila sekunde. Kwa makopo yako yote ya Juni, kila sekunde kuna inayopita ng'ambo."

"Kwa hiyo yalikuwa yanamfikia."

"Yalikuwa yanamfikia."

"Na nikiyaacha pale getini, nje?"

Alinitazama, hakunidanganya. "Hapo hapana, mama. Mlima wote ule, hapana."

Kisha akaniuliza yeye: "Unajua yanakaa muda gani? Hiyo potasi, mpaka nguvu yake ipungue nusu tu, ni miaka bilioni moja na robo." Nikamwambia aandike na hiyo. Akaandika.

Tarehe kumi na moja tukaingia na lile gunia la jikoni kwangu. Ruti, mjane wa Osea, alikuja na kopo lake, na mama yake Edson akaletwa kwenye pikipiki na mfuko wa rambo mapajani. Profesa akatoa mapipa mawili ya plastiki yenye vifuniko vya kukaza, yaliyoleta vifaa vyake kutoka Ulaya, ili maji yasiyaguse majivu. Tukajaza. Tukayasukuma mpaka yakagusa ukuta kabisa. Profesa Henriki, aliyekuja kutafuta siri ya ulimwengu, alikuwa amepiga magoti anakaza mfuniko wa magadi. Mzee Enoka akauliza kama hayo mapipa yatauzwa. Nikaweka kiganja kwenye zege nikamwambia Sadoki kwamba magadi yapo. Nikamwambia na samahani. Hiyo nilikuwa sijawahi kuisema.

Kesho yake fundi akachomelea geti. Karatasi ninayo, Aida ameiwekea fremu kule Tunduma, upande wa hesabu ndio unaotazama nje.

Watu wananiuliza kama Juni hii nilipanda tena Kasumbe na kopo langu. Sikupanda. Maganda ya ndizi siku hizi nawapa mbuzi.